Mkeka Uitwao Usiku Bila Mbu

Savai'i, 14 Februari 1988

Dada Tilomai,

Mikono yangu bado inanuka magimbi niliyotoka kumenya, kwa hiyo samahani kama karatasi imechafuka. Natumaini huko Auckland hamjambo nyote, wewe, shangazi Losivale na Bibi. Sisi ni wazima. Mvua haijakatika tangu Krismasi. Nguruwe jike amezaa, na baba anasema kitoto kimoja kina uso wa baba mdogo Tavita. Baba mdogo amenuna. Shuleni nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni mtoto wa mchungaji, na hakuna aliyeshangaa.

Bahasha hii ina karatasi mbili. Ile fupi ndiyo ya kumsomea Bibi. Hii ni yako peke yako, na ukimaliza uichome jikoni.

Unajua Bibi alipoondoka kuja kutibiwa macho aliniachia kazi moja. Chini ya godoro lake kulikuwa na mkeka wa ukoo, ule mwembamba kama kitambaa, wenye manyoya pembeni, uitwao Usiku Bila Mbu. Aliyeufuma alikuwa bibi yake Bibi, na inasemekana usiku aliomaliza hapakuwa na mbu hata mmoja kijijini. Mvua zikiisha nilipaswa kuutoa, kuuanika, kuukunja, halafu nimwandikie habari zake kama vile mtu anavyoandika habari za mgonjwa. Mimi mwenyewe sijawahi kuuona ukiwa wazi. Bibi aliufunga ndani ya shuka kuukuu la maua, ili ndugu wakija wasijue ni nini wakauomba.

Shida ndiyo hiyo. Shuka lilificha vizuri mno.

Mjomba wake mama alifariki kule kisiwa cha Upolu. Feri ilikuwa karibu kuondoka na mkeka wa kutoa msibani haujachukuliwa, mama akamwambia baba, "Chukua mkeka uliofungwa kwa shuka." Baba akachukua mkeka uliofungwa kwa shuka. Kumbe ilikuwa miwili.

Kule msibani vijana waliufungua uwanjani mbele ya wazee, na uwanja mzima ukapiga kelele za shukrani. Msemaji wao akausifu mkeka, akamsifu baba, akausifu ukoo wetu mpaka vizazi ambavyo baba mwenyewe hakuvijua. Sasa wewe niambie. Mtu ameshasifiwa hivyo, atasimama aseme samahani, tumekosea, turudishieni huo tuwaletee ule mbaya? Baba aliinamisha kichwa. Watu wakasema, tazameni unyenyekevu wake! Mama anasema hakuwa mnyenyekevu, alikuwa karibu kuzimia.

Bibi hatuwezi kumwambia. Shangazi ameandika kwamba daktari amemkataza kulia, akilia macho yataharibika. Mama anasema, "Mwandikie mkeka ni mzima. Huo si uongo. Ni mzima huko uliko." Nimelifikiria sana neno hilo na naona mama ana hoja.

Mdogo wako,
Vaosa

(Karatasi ya pili)

Bibi mpendwa, mkeka ni mzima. Mjukuu wako, Vaosa.


Auckland, 8 Machi 1988

Kwa msomi wetu Vaosa,

Kwanza hukuniamkia, umeanza na magimbi moja kwa moja. Nimekusamehe. Sisi tupo. Mama amepata zamu ya usiku ya kusafisha ofisi, mimi bado niko kiwanda cha biskuti, na sitaki kuona biskuti tena maishani mwangu. Baridi bado haijaanza lakini Bibi ameshavaa soksi mbili mbili.

Barua sijaichoma. Jiko letu ni la umeme, nitachomea wapi? Nimeiweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati.

Ile karatasi nimemsomea. Macho yote mawili yamefungwa kitambaa, amekaa kitini kama hakimu. Nikasoma, "Mkeka ni mzima." Akangoja. Akasema, "Endelea."

Nikamwambia, "Imeisha, Bibi."

"Imeisha? Mtoto anayesoma vitabu mpaka anaunguza chakula, aandike mstari mmoja? Anaumwa?"

Nikasema labda mitihani. Akanuna mpaka jioni. Mama amenigombeza, anasema Bibi amepoteza hamu ya kula kwa sababu ya barua yako kavu. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiamua kudanganya, danganya kwa upendo. Ongeza maneno. Wewe ndiye uliyesoma.

Anauliza hivi, nanukuu: "Umeuanika? Nani aliuona? Alisema nini?"

Dada yako,
Tilo


Savai'i, 10 Aprili 1988

Shikamoo dada Tilo,

Shikamoo tena, kwa ajili ya barua iliyopita. Huku kila mtu ni mzima isipokuwa baba, ameumwa jino na amelitibu kwa kulinung'unikia. Baba mdogo Tavita amenunua viatu vyeusi. Anasema ni vya kanisani, lakini tunajua ni vya siku atakayopewa jina la uchifu wa ukoo. Wazee bado wanabishana kati yake na Poasa wa upande ule mwingine.

Nimefuata ushauri wako. Nilikaa na karatasi hii Jumapili nzima baada ya ibada. Ninaona haya kusema, lakini niliifurahia kazi hiyo kuliko insha zote za shuleni. Msomee.

(Ya Bibi)

Bibi mpendwa wa moyo wangu,

Jumatatu jua lilitoka, nami nikautoa mkeka kwa mikono miwili niliyoinawa kwa sabuni. Nilipoufungua, nyumba nzima iling'aa. Manyoya yake ni mekundu kama damu, hata kuku walisimama kuyatazama. Mke wa mchungaji alikuwa akipita. Akaingia, akavua viatu, akapiga magoti, na machozi yakamtoka. Akasema, "Sijastahili kuona kitu hiki." Nikampa maji ya kunywa. Kisha nikaukunja kama ulivyonifundisha na kuurudisha chini ya godoro, na usiku ule nikalala hapo juu kuulinda.

Mjukuu wako mwaminifu,
Vaosa


Auckland, 2 Mei 1988

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote, na mama anakushukuru kwa kumrudishia Bibi hamu ya kula. Alikula sahani mbili za nyama ya kopo na shelisheli tuliyoinunua sokoni kwa Wafiji.

Nilisoma ile karatasi kwa sauti ya kanisani. Nilipofika kwenye manyoya, Bibi aliinua mkono.

"Mekundu?"

"Ndiyo, Bibi. Mekundu kama damu."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akasema, "Mungu ni mkubwa." Nadhani ilimgusa sana. Nilipofika kwa mke wa mchungaji akataka nirudie mara ya tatu, na hapo alikuwa akitabasamu.

Sasa habari zenyewe, kaa chini. Jumapili iliyofuata Bibi alisimama kanisani, kashikwa mkono na mimi, akasimulia yote. Kanisa zima likasema amina. Mchungaji wa hapa amemwandikia mke wa mchungaji wenu kumpongeza kwa moyo wake wa kunyenyekea. Kisha Bibi akaniamuru nimwandikie mjomba Tavita na wazee wa ukoo kwamba siku ya kupewa jina, Usiku Bila Mbu utaletwa uwanjani na kukabidhiwa wageni.

Nilijaribu kumzuia, Vaosa. Nikasema, "Bibi, si bora ubaki nyumbani?" Akasema, "Kwani una nini, wewe? Si ni mzima?"

Barua nimeshaipeleka posta.

Tilo


Savai'i, 5 Juni 1988

Dada,

Salamu. Sina habari za nguruwe wala za jino. Habari ni moja tu.

Barua yenu kwa wazee ilisomwa kwenye kikao cha ukoo. Ubishi uliokuwapo tangu mwaka jana uliisha palepale. Upande wa Poasa wakasema, "Basi. Mkeka ule ukitoka, sisi tunakubali Tavita. Usipotoka, tutajua nyumba yenu ni ya maneno matupu, na jina tunalichukua." Wote wakapeana mikono. Siku imewekwa, ni Agosti, na vijiji vitatu vimealikwa. Baba mdogo analala na viatu vyake.

Yeye hajui kitu, wala hakuwa nasi kule msibani. Baba hawezi kumwambia. Kila asubuhi anasema, "Leo nitamwambia," anaenda mpaka mlangoni kwake, anaazima panga, anarudi. Sasa tuna mapanga manne.

Na mke wa mchungaji! Alipopata barua ya pongezi nilidhani tumekwisha. Nilimkuta kisimani, nikatamani ardhi ipasuke. Akanishika bega mbele ya akina mama wote akasema, "Vaosa, uliwaambia watu kwamba nililia?"

Nikainama kuchota maji, na ndoo ilikuwa imeshajaa.

Akasema, "Ungewaambia pia kwamba nilisali."

Dada, hajawahi kuuona! Sasa anasimulia kila mahali. Jumanne alilia kidogo. Alhamisi alilia mpaka akashikiliwa. Amewaeleza akina mama rangi ya manyoya, na akina mama wawili wengine wamekumbuka kwamba nao walikuwapo. Mama anasema labda tumekosea sisi, labda mkeka upo.

Tulituma mtu Upolu kwa siri kuuulizia. Umeshatoka. Walioupokea waliupeleka kwenye harusi, na waliopewa harusini wameupeleka ng'ambo, hawajui nchi gani.

Tafadhali mwambie Bibi abadilishe ahadi. Tafuta njia. Wewe ndiye uliyesema niongeze maneno.

Vaosa


Auckland, 3 Julai 1988

Vaosa,

Usinitupie mimi mzigo, nilisema ongeza maneno, sikusema uongeze mke wa mchungaji. Hatujambo. Kitambaa kimetolewa machoni, lakini Bibi anaambiwa asitazame mwanga. Amevaa miwani myeusi na anasema anaona vivuli tu.

Nimemgusia habari ya kubadilisha ahadi. Akasema, "Vaosa ana neno la kuniambia?" Nikasema hapana, hana. Akasema, "Basi ahadi ni ahadi." Lakini aliisema kwa sauti ndogo, na usiku nilimsikia akisali kwa muda mrefu. Shangazi yako anasema ni umri.

Wiki iliyopita tulikuwa msibani, mzee mmoja wa kanisani. Mikeka ililetwa mingi, kutoka hapa na kutoka nyumbani, na mwisho ikagawanywa kama kawaida. Sisi tukapewa mmoja kwa heshima ya Bibi, wa kizamani, umechoka, manyoya yake ni kahawia kama chai. Mama alikunja uso. Bibi aliuweka magotini akaupapasa pembeni, polepole, mpaka akafika kwenye kona moja. Vidole vikasimama hapo. Akavua miwani. Nikasema, "Bibi, daktari!" Akairudisha.

Nikamwuliza, "Ni mzuri, Bibi?"

"Umefumwa vizuri," akasema. "Kuna mtu aliushona kona hii kwa uzi mnene. Mtu asiyejua kushona."

Tulipofika nyumbani alicheka peke yake chumbani. Kisha akaniita na kuniambia niandike hivi: "Mjukuu wangu mwaminifu, niandikie tena habari za mkeka wangu. Usiache hata kidogo."

Siku hizi anapenda kukaa peke yake jikoni tukiwa kazini. Anasema anasikiliza redio.

Tilo


Savai'i, 20 Julai 1988

Dada Tilo,

Nakuamkia. Baba alitaka kuazima mkeka mwingine, lakini mke wa mchungaji ameshamweleza kila mtu huu wetu ulivyo, na hakuna mkeka duniani wenye sifa zile. Mama ameacha kula. Baba mdogo anafanya mazoezi ya hotuba nyuma ya nyumba, na kila akifika kwenye neno "mkeka" anapaza sauti, nasi tunaangalia chini.

Usiku wa jana baba alisema, "Lazima mkeka ufe." Tumeamua ni panya. Msiba hauna mkosaji, Bibi atahuzunika lakini macho sasa yamefunguliwa, na akiwaandikia wazee yeye mwenyewe kwamba umeliwa, upande wa Poasa hawawezi kusema tumedanganya. Msomee hii kwa upole.

(Ya Bibi)

Bibi mpendwa,

Naandika nikilia. Panya wamekuja. Hawakuwa panya wa kawaida. Baba alipigana nao kwa panga, ndiyo maana tuna mapanga manne. Usiku Bila Mbu umeliwa wote, hata manyoya mekundu. Tumeyazika mabaki nyuma ya jiko, na mke wa mchungaji

Dada, hapa nimeshindwa. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi na kila mara nampa mke wa mchungaji kitu cha kufanya. Nimechoka naye. Msomee mpaka kwenye jiko, basi.

Nilidhani maneno niliyoyasoma vitabuni yangenisaidia kuwa mtu mwema. Yamenisaidia kuandika vizuri tu.

Vaosa


Auckland, 4 Agosti 1988

Kwa Vaosa, binti wa Etuale na Sulia,

Hii ni hati yangu mwenyewe. Imepinda kwa kuwa mkono una haraka, si kwa sababu ya macho. Macho yanaona. Yalianza kuona vizuri kabla sijamwambia mtu, na kitu cha kwanza yalichokiona ni kopo la biskuti juu ya kabati. Nilitaka biskuti. Nimesoma karatasi zote, zangu na zile ambazo si zangu. Tilomai alipofika kutoka kazini nilimpa kopo nikamwambia, "Nisomee tena, na safari hii usiruke." Amejifungia bafuni.

Nguruwe hawajambo? Jino la baba yako?

Sasa sikiliza. Manyoya ya mkeka ule yaligeuka kahawia kabla mimi sijaolewa. Uliponiandikia ni mekundu kama damu, nilijua hujauona, na kwamba haupo. Ningeuliza, mngejibu uongo mwingine. Nikaona afadhali niwaahidi watu wote mkeka huo, mkose pa kukimbilia, mseme kweli. Nilijiona nina akili. Hamkusema. Mkaendelea, nami nikawa nimeshaahidi wazee jambo ambalo najua halipo, jina la mwanangu likiwa limening'inia hapo. Nililala usiku mwingi nikisali, nikimwambia Mungu kwamba nilikuwa nawafundisha tu. Naye alinyamaza.

Halafu msibani nikawekewa magotini kona niliyoishona mwenyewe nikiwa bibi harusi, kwa uzi wa kushonea magunia.

Nakuja na feri ya Ijumaa kutoka Upolu, siku mbili kabla ya sherehe. Jumamosi alfajiri wewe, mama yako na baba yako mtafanya ifoga. Mtakaa kwenye majani mbele ya jiko langu, vichwa chini, mmefunikwa mkeka wa thamani, mpaka mimi mwenyewe niamue kuja kuufunua na kuwasamehe. Najua ni desturi ya watu walioua. Nyinyi mmeua mkeka wangu kwa mdomo, mkauzika nyuma ya jiko.

Mtasema hamna mkeka wa thamani wa kujifunika. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Nitawaazima huu.

Bibi yako,
Taiaopo


Savai'i, 21 Agosti 1988

Shikamoo dada Tilo,

Natumaini umetoka bafuni. Bibi ni mzima na anatembea kijijini bila miwani akiwaambia watu wamezeeka. Hii ni karatasi moja tu. Hakuna ya pili.

Tulikaa chini ya mkeka jua likitoka. Baba alikuwa katikati, akinong'ona, "Sogeeni, mtauchana." Mama alikuwa analia kimyakimya, na mimi nilikuwa natazama juu. Mwanga ulipita katikati ya nyuzi zake kama unavyopita kwenye jani changa la mgomba. Hauna rangi niliyoiandika. Hauna rangi yoyote ninayojua kuiandika. Nilisikitika kwamba nilikuwa nimemsifia Bibi kitu kingine kabisa.

Bibi alikuwa jikoni. Tulimsikia akikoroga kakao, akinywa, akimimina kikombe kingine. Baba akasema, "Sasa anakuja." Akamimina cha tatu.

Nikaona lazima niseme nikiwa bado sioni uso wake. Nikasema kwa sauti, "Bibi, sikuwahi kuuanika. Sikuwahi kuuona. Niliandika yote mimi." Kijiko kikasimama. Akatoka, nikaona miguu yake imesimama kwenye majani mbele yetu.

Wakati huohuo tukasikia sauti ya mke wa mchungaji kutoka njiani.

"Mama Taiaopo! Kuna nini hapo chini ya mkeka?"

Dada, jina la baba mdogo, wageni wa vijiji vitatu, kila kitu kilikuwa kwenye mdomo wa Bibi.

"Wanaukagua," akasema Bibi. "Kama una panya."

Baba alianza kutetemeka. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

Mke wa mchungaji akakaribia. Nadhani alitazama kwa muda mrefu, manyoya ya kahawia, kona yenye uzi wa gunia. Kisha akasema, na naapa sauti yake ilikuwa na machozi ya kweli, "Ndio huo. Ndio uleule nilioulilia."

"Najua," akasema Bibi. "Nimesikia ulisali pia."

Alipoondoka, Bibi aliufunua mkeka. Hakusema lolote kuhusu alichomwambia mke wa mchungaji, na sisi hatukumwuliza. Alitugawia kakao iliyobaki, imepoa.

Baba mdogo amepewa jina lake. Viatu vilimbana. Mkeka ulifunguliwa uwanjani, kelele za shukrani zilikuwa kubwa, na upande wa Poasa ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Wageni wa kijiji cha tatu waliukunja wakaondoka nao. Nilimtazama Bibi nikiogopa macho yake. Yalikuwa makavu. Alikuwa anamtazama kijana aliyeubeba, na alimwita arudi, akamfunulia ile kona.

"Mwambie mama yako asiifumue," alimwambia. "Uzi ni mbaya, lakini ndio ninaoutambua."

Wako,
Vaosa